Nyuzi Kumi na Moja Chini ya Sifuri

Jirani yangu Helve aliniita kwa kugonga bomba la joto,
mara tatu, kwa kijiko.
Ndivyo tunavyoitana hapa Annelinn, ghorofa ya nne kwa ya tano,
tangu simu yake ya ukutani ilipokufa.

Nilivua viatu mlangoni, nikasubiri aseme ingia.
Hapa hata msoma mita husubiri.
"Kuna kijana," akasema, "ndani ya kompyuta."

Kweli alikuwepo: gitaa, miwani myeusi,
shati limefunguliwa vifungo vitatu,
amejikalia kando ya sauti ya Endel.
Endel, mumewe, fundi wa mizani za sokoni,
aliyejirekodi majira yote ya baridi ya mwisho
akisoma kipimajoto cha dirishani:
Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Upepo watoka mtoni. Helve bado amelala.
Asubuhi thelathini na nne. Ya thelathini na tano haipo.

Helve huzisikiliza saa tisa za usiku.
Majina ya faili aliyaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja:
Endel kabla ya dawa.
Endel anakohoa kidogo.
Endel, siku mwanetu alipokuja.

"Nani kamleta huyu? Mimi sikumwita."

Nilijua kabla sijaketi.
Ukicheza sauti, programu inachukua jina lake,
inatoka nalo mbio hadi seva moja ng'ambo ya bahari,
inauliza: huyu ana picha? kazaliwa wapi?
Na seva, kabla haijajibu, inaandika daftarini
nani kauliza, kutoka wapi, saa ngapi.
Ikakuta Endel mwingine, mwimbaji. Ikamleta.
Ilidhani inatenda wema.

Kipande hicho nilikiandika mimi.
Ilikuwa Ijumaa, keki ya mtu iko mezani,
mwenzetu akauliza, kwani tusiwaulize kwanza?
Nikasema tuweke tiki sisi, asiyetaka ataiondoa.
Asiyetaka! Helve hajui hata kisanduku kiko wapi.
Kiko chini ya menyu ya tatu, nyuma ya neno "Zaidi",
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Kimya chake tulikihesabu kuwa ndiyo.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
sisi tuliusikia mshindo, tukaupigia mhuri.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "kuna mahali
wanajua kwamba silali?"
Sikupata neno.
"Na dawa, wanajua?"
Jina tu, nikasema. Jina la faili tu.
"Jina tu," akarudia, kama mshonaji anayepima kitambaa
akakuta kimepungua.

Niliondoa tiki. Kijana akatoweka, gitaa na yote,
pakabaki mraba wa kijivu.
"Na yale yaliyokwisha kwenda, yatarudi?"
Nikaahidi kuwaandikia barua. Nimeandika.
Wamejibu upesi, kwa mashine,
wakinishukuru kwa maoni yangu.

Jumatatu kazini nililisogeza swali lije mbele,
kabla ya hatua yoyote, kwa maneno ya kawaida:
Nitoke nje kutafuta picha? Itanibidi niseme unasikiliza nini.
Ndiyo. Hapana. Vitufe viwili, ukubwa mmoja.
Tarvo, mkuu wangu, anasema watu huchoshwa na maswali.
Pengine. Bado tunabishana.

Jana usiku bomba halikugongwa.
Nilisikia tu, kupitia sakafu,
sauti ya mwanamume, kavu, isiyo na haraka,
ikimwambia mtu mmoja hali ya hewa.
Nikainuka gizani, nikawasha redio,
nisije nikasikia zaidi.